Salma Alivyomkatalia Mzee Khatibu

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti lako vipi, au bado unayaficha maumivu ukiulizwa? Mimi mzima, Alhamdulillahi, na muhogo wa Pemba umeninenepesha hadi buibui linanibana.

Chuo chetu hapa Gombani nakipenda. Wanafunzi wangu wa kompyuta wanaandika programu nzuri, ila hawa watoto wana adabu kupita kiasi. Mkubwa akisema neno, wao ni "ndiyo" tu. Darasani haidhuru, kazini ni balaa.

Nilimpeleka Salma, binti wa mkulima wa Mgogoni, kwa Mzee Khatibu, muuza vifaa vya ujenzi mjini Chake, amtengenezee programu ya kujua mali iliyomo dukani. Kazi ikimridhisha, atamwajiri. Isipomridhisha, baba yake keshasema arudi shamba. Basi kila siku Mzee akaongeza jambo jipya, na Salma akaitika, "Ndiyo, Babu." Programu haikwisha, na mtoto wa watu akakonda.

Nikaona kumkaripia hakusaidii. Nikaazima kofia na bakora ya mlinzi wetu, nikajifanya mimi ndiye Mzee, nikawa nawaagiza wanafunzi yasiyowezekana ili wanikatalie kwa heshima. Darasa zima likavunjika mbavu, lakini wakazoea kukataa.

Jumatano nikafuatana na Salma dukani. Mzee akataka programu ioneshe na picha za wateja wote, kesho asubuhi. Salma akainamisha uso.

"N'samehe, Babu. Hilo kesho haliwi. Na mie n'na suala: nani atakaetumia kompyuta hii?"

Mzee akaangua kicheko.

"Mke wangu, Bi Mize. Mie hata herufi sizioni! Mbona hukuuliza zamani, mwanangu?"

Salma akakaa na Bi Mize, akamuuliza anavyouza na anachotaka kukiona, na programu ikamalizika. Ameajiriwa, Mama! Nililia kwa furaha mbele za watu, wala sikuona haya.

Nisalimie Baba, shangazi, na yule kaka yangu mvivu wa kuandika.

Na ule uhamisho wa kurudi Unguja uliokwenda kuniombea kwa mjomba, nisamehe, Mama yangu. Najua umeshanisafishia chumba. Mwaka huu sirudi.

Mwanao akupendaye,
Zuhura