Usiwashe tena taa za Krismasi

Baba Idah,

Uji wa mama yako umo ndani ya chupa ya chai, usiutie sukari. Idah yuko kwa Bi Zeina.

Usiziwashe tena zile taa za Krismasi ulizoleta kutoka hotelini. Jana taa za nyumba zilipopepesa pamoja nazo tulipiga makofi, hata wewe, tukidhani ndiyo sherehe. Umeme wetu tumeuvuta kwa Bi Zeina; kumbe ulizidiwa, na friji yake ilikuwa inakufa. Asubuhi nimeikuta dawa ya mama ya kisukari humo imepata joto, na nesi alisema ikiwa hivyo haifai.

Bi Zeina hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, hata taa zangu zilikuwa zacheza, nikasema jirani leo wamefurahi." Afadhali angenitukana.

Nimekwenda hospitali kuomba nyingine. Juzi walisema zimekwisha, lakini nitakaa mlangoni. Mama akiulizia sindano, mwambie ~~nimesahau~~ naja nayo.

~~Zing'oe taa zote.~~ Ziache kwenye mwarobaini. Idah akikuuliza, mwambie zimelala.

Mama Idah