Njoo na Mtani Wako, Baba

Kisarawe,
14 Agosti 1955

Kwa mzazi wangu Mzee Mwinyijuma,
Mbwawa.

Baba, shikamoo. Mama naye umfikishie shikamoo yake, na bibi asisahauliwe. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba nguruwe wamewabakizia mihogo ya kula. Mimi nilishikwa na homa nikalazwa, lakini msishtuke, imekwisha. Moyo ndio haujapona. Dada Zena, wewe unayesoma, tafadhali msomee Baba yote, usiruke pahala kwa kumhurumia. Nakujua.

Jambo lenyewe ni hili. Rafiki yangu Kasiani, yule Mnyamwezi wa Tabora niliyekuja naye nyumbani siku ya Idi, yumo hatarini kufukuzwa shule Ijumaa ijayo, na chanzo ni mimi. Tumebakiza miezi mitatu tu tufanye mtihani wa mwisho. Akifukuzwa sasa, miaka yake yote hapa imekwenda na maji.

Baba, katika barua yako uliniuliza habari za vyama, ukaniasa nisijitie kwenye siasa nikaja kukamatwa. Ondoa hofu. Hivi ni vyama vya shuleni, vya jioni baada ya masomo. Mwalimu Mkuu wetu mpya, Mzungu aliyefika baada ya Pasaka, ameamuru kila mwanafunzi awe na chama chake. Wako maskauti, iko bendi, iko kwaya, wako watu wa bustani wanaorudi na matope mpaka masikioni. Mimi na Kasiani tumo katika chama cha mdahalo, ambako watu husimama pande mbili wakabishana kwa hoja, na mwisho wasikilizaji hupiga kura. Mama atasema kubishana sikuhitaji kufundishwa, na hakosei.

Basi Jumatano ya wiki ile nyingine kulikuwa na mdahalo mkubwa, mada ikiwa ipi yenye faida zaidi, reli au barabara. Kasiani alitetea reli, mimi barabara. Ukumbi ulijaa, na Mwalimu Mkuu alikaa mbele kabisa na mgeni wake. Unajua mwenyewe Mzaramo na Mnyamwezi wakikutanishwa mbele ya watu nini hutokea. Kasiani alisema hashangai Wazaramo kupenda barabara, maana kazi yao tangu zamani ni kukaa kando ya njia wakingoja wenye safari wapite. Watu wakaangua kicheko. Halafu akanigeukia, akawaambia watu wasinisikilize, mimi ni maiti tayari, Ijumaa anakwenda kunizika, tena koti langu amekwisha kulirithi. Na kweli alikuwa amelivaa! Mimi nilicheka mpaka nikasahau hoja yangu ya tatu. Mwalimu Mkuu hakucheka.

Mungu naye ana mambo yake. Ijumaa hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana, homa ikanipiga hata nikabebwa kwa machela mpaka hospitali. Nasikia nilikuwa naweweseka. Kasiani aliposikia alikuja mbio, akajitupa sakafuni kando ya kitanda, akalia kwa sauti kuu kwamba maiti wake amewahi mno, ye bado hajachimba, na nani atamlipa. Ndivyo afanyavyo mtani. Wagonjwa wa kwetu waliokuwamo wodini walicheka, na mzee mmoja akamwambia asiondoke mpaka apewe chake. Mimi mwenyewe, katika homa ile, nilimsikia nikajua sijafa. Lakini dresa, yule mwuguzi aliyekuwa kwenye zamu, ni mtu wa mbali, utani wetu haujui, akamtoa nje. Kufika mlangoni, wakakutana uso kwa uso na Mwalimu Mkuu amekuja kunitazama.

Tangu hapo mambo yakaharibika. Sanduku la Kasiani lilipekuliwa, koti langu likaonekana, likaitwa la wizi. Maneno ya mdahaloni yakaitwa vitisho vya kuua. Homa yangu, ambayo dresa mwenyewe alisema ni malaria, ikaanza kunong'onwa kuwa ni sumu. Chama kimefungwa. Kasiani ametolewa darasani, analala peke yake katika chumba cha vifaa vya bendi, anangoja baraza la shule. Mwalimu Lucian, mlezi wa chama chetu, alijitahidi kueleza, lakini naye ni mtu wa Bukoba, utani huu aliusikia kwetu tu. Mwalimu Mkuu akamwuliza, kama huo ni mchezo, kanuni zake zimeandikwa wapi na mwamuzi wake ni nani. Nami nauliza, Baba. Mtu utaandikaje kanuni za jambo ulilozaliwa ukalikuta?

Nilipotoka hospitali niliitwa ofisini. Mwalimu Mkuu alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasema nisiogope, shule itanilinda. Alitaka nithibitishe tu kwamba Kasiani alinitishia na kwamba alichukua koti bila ruhusa yangu. Na kwa kweli, ruhusa hakuomba. Mtani haombi. Akanikumbusha kwamba barua ya kunisifu ili niendelee na masomo ya juu ataiandika yeye. Hakulisema hilo kwa ubaya, lakini nilielewa.

Sasa Zena, soma polepole.

Baba, nilimwambia kwamba Kasiani hakunitishia. Aliposhikilia kwamba ameyasikia kwa masikio yake, nilimwambia basi na ayasikie yote, maana mimi ndiye niliyeanza. Siku ile ya mdahalo, kabla Kasiani hajafungua kinywa, nilisimama nikauambia ukumbi kwamba ukoo wake mzima niliununua kwa kikapu cha chumvi, na kwamba yeye nimemsomesha ili anibebee mzigo vizuri. Blanketi lake la rangi ya damu ya mzee, lile ulilolisifu siku ya Idi, nililichukua mwaka jana na bado ninalo. Nikamwambia kama koti ni wizi, na blanketi ni wizi, na kama yeye ni wa kufukuzwa, mimi nimetangulia. Akayaandika yote. Ijumaa tutasimama barazani wote wawili.

Najua ulivyojinyima nisome. Naogopa, Baba, nasema kweli. Kengele ikilia nadhani ninaitwa mimi. Lakini sikuona namna nyingine ya kutoka mle ofisini nikiwa bado mwanao.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Njoo Ijumaa, na usije peke yako. Njoo na Mzee Mbaraka wa Mlandizi, mtani wako, yule aliyelala ndani ya kaburi la babu akakataa kutoka mpaka alipopewa kuku. Msivae adabu. Ingieni ofisini mkitukanana tangu mlangoni, akunyang'anye kofia, umwite mtumwa wako, akuulize utakufa lini ale pilau. Mwalimu Mkuu anataka kanuni, basi azione zikitembea na mvi zake. Mwalimu Lucian ameahidi kuwafungulia mlango na kutafsiri kila tusi.

Msichelewe, nakusihi. Jana nilipewa ruhusa kumpelekea Kasiani chakula. Nilimwuliza Mnyamwezi wangu kala nini leo, nikangoja anirudishie utani. Alisimama, akapokea sahani kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante sana, bwana Kitwana. Pole na ugonjwa." Baba, sijawahi kutukanwa namna ile.

Barua hii nampa Abdala wa lori la korosho, ataifikisha mkononi. Wasalimu majirani wote, na Mama mwambie asilie mpaka tujue la kulilia. Mungu awaweke, na awafikishe hapa salama.

Ni mimi mwanao,
Kitwana Mwinyijuma