Immaculée Alikuja Mara Tatu

Jumanne, 10 novembre 1981

Tumezika Immaculée leo saa tisa. Batu ya kwabo hawakufika. Mapadri balituma habari Mahagi kwa phonie, redio yabo, lakini barabara ni matope matupu. Banafunzi benyewe balibeba sanduku, kutoka hospitali mpaka makaburi. Alikuwa na miaka makumi mbili na moja. Mwaka ya pili ku institut.

Miye infirmière, muuguzi ya institut, nilitembea nyuma yabo.

Munganga ya hospitali alinivuta pembeni. Haikuwa malaria, asema. Typhoïde. Tumbo ilitoboka. Akaniuliza mutoto alianza kugonjwa lini. Nikajibu sijue vizuri.

Uongo! Najua.

Jumatano, 11 novembre

Nimefungua register ya bagonjwa asubui. Maandishi yangu mwenyewe.

Le 26 octobre: homa, kichwa. Nivaquine, dawa ya malaria. Le 29: homa, tumbo. Nivaquine tena, na aspirine. Le 2 novembre: homa, tumbo. Na pembeni neno moja tu — «interro?»

Niliandika ile! Niliwaza anakimbia interro, mutihani ya mathématiques. Nilimwambia: binti, hata miye nilisoma, najua bile bigonjwa ya siku ya interro. Rudi mu darasa. Hakukasirika. Alisema, asante Mama Hortense. Wakati ya kutoka alishika ukuta. Nilimuona akishika ukuta, na nikaita mugonjwa mwingine.

Leo kila mara mulango inafunguka, nainua kichwa mbio. Banafunzi banawaza nabangojea kwa furaha.

Ijumaa, 13 novembre

Berthe amekuja. Yeye njo alilala chumba moja na Immaculée, ku home, bweni ya mabinti. Si mugonjwa. Anaomba nimwandikie karatasi ahame. Asema bote banakataa chumba yabo, ya saba. Banasikia mutu anaburuta bidon ya maji mu kolidoro, sawa Immaculée alifanya kila alfajiri, juu alipenda kuteka maji kabla ya bengine. Wakifungua — hakuna mutu.

Nikamwambia hakuna bazimu, kuna huzuni. Maneno ya batu balisoma. Saa sita muchana nilikuwa peke yangu, nahesabu sindano. Mutu akasema nyuma yangu, pole pole: Mama, tumbo inaniuma. Nikageuka. Kiti tupu. Nilisimama pale mpaka kengele ikalia.

Lakini Berthe alisema neno ingine kabla ya kutoka, na hii haikunitoka mu kichwa: Mama, miye na yeye tulikunywa maji ya bidon moja.

Jumatatu, 16 novembre

Mabinti batatu na homa. Sikuwapa hata kidonge. Nilibapandisha mu Land Rover ya institut palepale, hospitali! Mangaribi labo ya hospitali ikajibu: babili iko na typhoïde. Banaanza dawa ya chloramphénicol leo leo. Batapona, munganga asema. Juu balifika mapema.

Mapema. Neno ile.

Nilimukamata Mathieu, plombier, fundi ya mabomba. Pompe ya maji ilikufa tangu septembre, banangojea pièce ya kuitengeneza kutoka Kisangani. Mabinti banateka ku source, chemchemi kule chini ya home. Nikamwambia unipeleke. Hakupenda. Tulipofika alionyesha tu na kidevu, ku mulima. Bile byoo byapya ya home ya bavulana! Balichimba mu août. Nilipima kwa miguu: hatua makumi tatu na mbili mpaka source. Na mvua yote inashuka pale.

Mathieu asema yeye alishaambia bakubwa. Balimujibu: weye kazi yako ni mabomba.

Jumanne, 17 novembre

Citoyen Directeur ya institut alinipokea vizuri. Alinipa kiti. Nilisema yote: source, byoo, bagonjwa babili.

Halafu asema: Citoyenne, ukitamka typhoïde, bakubwa ya serikali ku zone batafunga institut. Banafunzi mia tatu batapoteza mwaka. Bengine hawatarudi tena — umefikiria bale? Nikasema nimefikiria Immaculée. Akatoa kalamu. Sawa, tumufikirie. Ni nani alimupa Nivaquine mara mbili?

Basi. Alishasoma register.

Karatasi ya jamaa iko tayari, imepigwa na machine: «mort de malaria», kifo ya malaria. Inabakia signature yangu. Alisema kwa upole, sawa mutu anakufunika na blanketi: hii inakulinda hata weye.

Nilibeba karatasi bila kuandika jina.

Alhamisi, 19 novembre

Jana miye na Berthe na mabinti kumi tulikata matawi ya miiba, tukafunga njia ya source. Tulichemsha maji mu sufuria kubwa ya refectoire, kule banafunzi banakula. Nilibaonyesha: ichemke kabisa, halafu ipoe yenyewe. Bengine bakacheka kidogo. Siku ya kwanza nasikia kicheko ku home tangu maziko.

Leo miiba imetolewa. Ordre, amri ya bakubwa. Kuni ya refectoire ni ya chakula, banasema, si ya maji.

Mugonjwa ya ine ameingia hospitali. Karatasi iko ku meza. Sijaguse.

Jumamosi, 21 novembre

Baba ya Immaculée amefika. Siku tano ya njia. Muzee murefu, kofia mu mikono, viatu imejaa matope. Niko naandika hii nyuma ya rideau, pazia ya dispensaire — nimebaambia natafuta dawa. Siwezi kutoka bila kupumua kwanza.

Nilingojea anitukane. Akanishika mikono mbili! Asema: njo weye Mama Hortense? Mutoto aliandika jina yako mu barua, kwamba kuna mama ku dispensaire anamuchunga. Ameniletea samaki ya ziwa, kavu, imefungwa mu majani. Anashukuru. Anashukuru!

Na hakukuja peke yake. Iko na Agathe, mudogo ya Immaculée. Alipata diplôme mwaka hii. Directeur amekubali aingie mu nafasi ya mukubwa yake. Chumba ya saba, kitanda ileile. Muzee asema: nakuachia huyu, Mama. Umuchunge sawa ulimuchunga ule mwingine.

Halafu akauliza, polepole: ile malaria Directeur alituambia, ilimukamata namna gani?

Nikasema, Papa, ikala chini kwanza. Palepale Berthe akapita na benzake, na bidon, banashuka ku source. Agathe akasimama — ana sauti ya dada yake, kabisa — akaniuliza: Mama, niende nabo kuteka?

Nikasema hapana! Kwa nguvu. Mpaka muzee akasimama, mpaka mabinti bakaacha kutembea.

Bote banangojea sasa, pale upande ingine ya rideau. Muzee hajaikala tena. Nasikia anauliza Agathe: maji iko na nini? Na Agathe anajibu hajui, tumungojee Mama.