Mbegu za Mtama

Nzega, Jumanne usiku

Sikuweza kumzuia. Tangu nzige wamalize mashamba, sisi tuliojitolea kutoka Tabora tunagawa mbegu za mtama, na kazi yangu ni kuwaonya watu wasizile.

Leo mama mmoja alipokea fungu lake, akamwomba jirani kinu palepale.

"Shikamoo, mama. Hizi ni za kupanda."

"Marahaba. Najua, mwanangu, nimelima kabla hujazaliwa. Haya, waambie hawa."

Wanawe watatu walinitazama. Yule mdogo alikuwa ameshaanza kutafuna mbegu. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Nikampakata ili mama yake atwange. Mvua itakapokuja hatakuwa na cha kupanda, nami nitakuwa nimerudi kwetu Kanyenye, nimeshiba.