Chungwa la Bi Mwanaidi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama kambini kwa wakoma, nje ya Muheza, na kwa joto la huku jasho halinikauki. Leo asubuhi nilianza kazi ya uuguzi ambayo Mungu ameniitia, nikajikuta nimesimama mlangoni, miguu haisogei. Ndani alikuwamo mgonjwa, Bi Mwanaidi, mama wa Kidigo, anamenya chungwa kwa vidole vichache vilivyobaki. Akanimegea nusu.

"Karibu, mwanangu. Aliyekutangulia alikimbia."

Nikasali kimoyomoyo, "Bwana, niondolee hofu." Mama, hakuiondoa! Niliogopa vile vile, ila mkono ukanyooka, nikalipokea chungwa, nikalila mbele yake. Lilikuwa tamu. Bi Mwanaidi akacheka, "Ee, huyu atakaa." Ndipo nikamsafisha vidonda.

Sasa nimechanganyikiwa. Siku zote nilidhani jasiri ni mtu asiyeogopa. Je, Mungu amenijibu, au hakunijibu? Wewe umemjua siku nyingi kuliko mimi, niambie.

Nisalimie baba na wadogo zangu. Baridi ya Lushoto iyahurumie magoti yako. Niombee, maana kesho namwendea tena Bi Mwanaidi, na bado naogopa.

Mwanao,
Naomi