Mikono Ilipogoma

Jumatatu, 3 Machi
Kiongozi mpya kahutubia taifa. Nami kwenye kisanduku changu pembeni ya runinga, nawatafsiria viziwi kwa lugha ya alama. Umoja! Misingi yetu ya pamoja — ukweli, haki, kusameheana. Kwa macho makavu! Ndiye huyu huyu aliyekuwa waziri wa usalama askari walipompiga kaka risasi ya goti. Walimwambia simama, naye kiziwi, hasikii. Waziri akasema waliokaidi amri walijitakia.

Leo anasema sote tulikoseana, kila mtu amwombe mwenzake radhi. Kaka aombe radhi! Hapo mikono yangu ikagoma. Nikaishusha mpaka alipomaliza sentensi. Prodyuza hakugundua kitu, kanionyesha dole gumba.

Jumanne, 4 Machi
Kaka aligundua. Kaniuliza mkubwa alisema nini pale nilipotulia. Nikamwambia alikuwa anakunywa maji.

Midomo ilikuwa inakwenda, anasema.

Basi nikamweleza. Nilidhani atanikumbatia. Wapi! Kanijia juu: nani kakutuma unichagulie? Kama kanitukana, niletee tusi langu.

Nimelia jikoni. Namchukia yule mkubwa, na leo hata kaka simtaki.

Alhamisi, 6 Machi
Bosi kaniita. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Kumbe! Ofisi ya mkubwa imenipenda, eti nina utulivu. Jumamosi niwe jukwaani kwenye sherehe ya umoja, mubashara. Na kaka kaalikwa! Wapeane mikono, kisha kaka aongee kwa alama, mimi niseme kwa sauti kwenye maikrofoni. Ila maneno yameshaandikwa kwenye karatasi: "Nimesamehe, na mimi naomba radhi." Kaka apungepunge mikono tu, anasema bosi, nani atajua? Nikienda kinyume, nisirudi kazini.

Nikampa kaka ile karatasi nikijua ataichana. Kaisoma, kanirudishia. Tutakwenda, kasema.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika hemani, tunasubiri kuitwa. Kaka kavaa suti ya harusi yake, inambana. Nimemuuliza atasema nini. Kaniweka sawa kola, kama enzi za shule.

Kisha: safari hii usiruke hata neno.

Karatasi ya bosi ninayo mfukoni. Kodi ya nyumba nalipa mimi, kaka hana kazi tangu lile goti.

Mshereheshaji anatuita. Kaka kaliacha gongo lake la kutembelea kwenye kiti. Anasema ataihitaji mikono yote miwili —