Nywila Uliyoniachia

Mume wangu,

Huku hatujambo. Nimegundua programu ya Linux, ule mfumo unaoendesha kompyuta uliyoniachia, inayoonyesha kilichojaza diski. Kumbe ni picha za lile gari lako bovu. Nawe iweke, itakufaa.

Mama yako anashangaa kila Jumapili naweka programu mpya ambazo baadaye hata sizifungui. Nilimjibu kwamba elimu haina mwisho.

Ukweli ni kwamba kila ninapoweka kitu, kompyuta huniomba nywila, nami naandika lile jina ulilokuwa ukiniita tukiwa wawili tu. Herufi hazionekani kwenye skrini, lakini yenyewe inalitambua.

Siku hizi ukipiga simu unaniita mama watoto, kisha unakata upesi. Uliniagiza nibadilishe nywila. Sijaibadilisha. Humu ndani hakuna mwingine anayeniuliza jina hilo.

Wako, jina unalijua.